Mistari Myekundu

Mtaa mzima ulimcheka mama mmoja, fundi cherehani, kwa sababu ya mwanawe. Kijana alikuwa mwoka mikate. Aliingia kazini saa nne usiku, akarudi saa mbili asubuhi na unga mpaka kwenye nyusi, kisha akalala hadi saa nane mchana. Na akilala, mtaa ulijua. Wenzake kazini walimbandika jina la Trekta, likamganda. Wateja waliokuja kupimwa nguo waliutazama ule ukuta wa mbao uliotenga chumba cha kazi na chumba cha kijana, wakauliza kama nyumba ina kinu cha kusaga.

Fundi alicheka nao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao wangejuaje kwamba mkoromo haukumsumbua hata chembe? Alichokiogopa ni pale mkoromo ulipokatika.

Ulikatika ghafla, kama uzi. Mtu alikuwa anakoroma, halafu hakuna kitu, si mkoromo wala pumzi, hata kitanda hakikulia. Fundi aliinua miguu kwenye pedeli, sindano ikabaki imezama kwenye nguo, naye akangoja amekaza meno. Kisha ng'ambo ya ukuta ukaja mvumo mkali wa mtu aliyeibuka majini, na trekta likawaka tena. Siku ya kwanza aliharibu kola mbili za sare za shule.

Alikijua kimya kile. Miaka kumi na mmoja nyuma aliwahi kulala nacho kitanda kimoja.

Mtu mwenye hofu huitafutia mikono yake kazi. Fundi alichukua kipande cha pamba nyeupe kilichobaki kwenye mashuka ya mteja, akatia uzi mwekundu. Kijana aliponyamaza, alianza kushona mstari. Kijana aliporudi, alikata uzi na kusogeza kitambaa. Alikuwa amejipima kwa saa ya ukutani: mishono mitatu kwa kila sekunde, haizidi, haipungui. Miaka thelathini ya kukanyaga pedeli si mchezo. Siku tatu nguo za wateja zilikaa kikapuni, na siku ya tatu kitambaa kilijaa.

Jioni hiyo alimwonyesha mwanawe. Kijana alikuwa anakunywa chai huku akipuliza mkono wa kulia, uliokuwa na jeraha jipya. Alikuwa amesinzia wima mbele ya tanuri, mkono ukaegemea trei.

"Twende hospitali," mama alisema.

"Kwa kidonda hiki? Kitapona chenyewe."

"Kwa usingizi wako. Unakata pumzi, mwanangu."

Kijana akacheka. "Mama, kama kukoroma ni ugonjwa, basi walaze nchi nzima. Mimi nimechoka tu. Joto lile la tanuri wewe hulijui."

"Hii hapa. Kila mstari ni mara moja ulipokata pumzi."

Kijana alikikunjua kitambaa, akakitazama, akakikunja tena taratibu kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. "Acha kunichungulia usingizini. Mimi si mtoto." Akasimama kuchukua kofia yake ya kazi.

Hapo fundi aliona kwamba maneno ya kawaida yamekwisha. Lilibaki moja, nalo alikuwa ameapa kuzikwa nalo.

"Unajua baba yako alikufaje?"

"Moyo."

"Moyo ndio waliouandika. Mimi nilikuwa macho." Sauti yake ilikuwa ndogo, akalazimika kuisukuma. "Alikoroma miaka yote ya ndoa yetu. Nilimpiga viwiko, nilimgeuza ubavu, nilitia pamba masikioni. Usiku ule akanyamaza katikati ya mkoromo. Unajua nilisema nini? Nilisema, ahsante Mungu, leo nitalala. Nikavuta shuka. Nikalala, mwanangu. Nililala vizuri. Asubuhi nilimgusa bega."

Kijana alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili.

"Sikumwambia mtu," mama alisema. "Watu walikuja wakanipa pole, nami nikazipokea pole zao. Lakini wewe sitakuzika kwa kuona haya."

Mama aliogopa kuinua macho, asije akaona uso wa mtu anayemchukia. Aliposikia sauti ya mwanawe, ilitoka chini sana.

"Huko hospitali wanafungua saa ngapi?"

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi. Alimuuliza kijana kama huamka na kichwa kizito, kama husinzia kazini. Kijana alijibu kwa mkato, akijitahidi kuonekana mzima. Fundi alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda, akatoa kitambaa kwenye mkoba na kukitandaza juu ya meza, juu ya makaratasi ya watu.

"Hiki ni nini, mama?"

Alimweleza. Mishono mitatu, sekunde moja. Daktari alikishika kitambaa, kisha akauweka ukucha kwenye mstari mrefu kuliko yote na kuanza kuhesabu kwa midomo. Alifika mia moja na ishirini.

"Sekunde arobaini," alisema, akamtazama kijana. "Jaribu kubana pumzi sasa hivi, baba, sekunde arobaini. Halafu ukumbuke kwamba hapa umelala."

Kijana hakujaribu. Alilazwa usiku mmoja, amebandikwa nyaya kifuani na kidoleni, na majibu yakasema yale yale ya kitambaa: koo lake lilijifunga kila alipolala fofofo. Daktari alitaka kukihifadhi kitambaa kwenye faili. Fundi alikataa. Alikirudisha nyumbani, akakisukuma chini kabisa ya kikapu.

Baada ya wiki mbili kijana alipewa mashine ndogo ya kusukuma hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. Asubuhi ya kwanza alirudi kutoka kazini, akanawa, akaivaa, akafunga mlango. Fundi akaketi kwenye cherehani.

Hakukuwa na mkoromo.

Alingoja trekta liwake, halikuwaka. Kimya kilikaa ng'ambo ya ukuta kama mtu anayemfahamu. Na ulimini, bila kualikwa, yakaja maneno yale: ahsante Mungu, leo nitalala. Aliziba mdomo kwa kiganja. Aliinuka, akafungua mlango polepole. Kifua cha mwanawe kilipanda, kikashuka. Alirudi kwenye kiti. Kabla hajaweka mguu kwenye pedeli, alikuwa ameshasimama tena. Mara ya tatu, ya tano. Daktari alikuwa amemwambia mashine inafanya kazi, naye alimwamini, lakini hofu haijui daktari. Kila alipofungua mlango aliliona bega la mumewe.

Mara ya nane kijana aliisogeza barakoa pembeni, bado amefumba macho.

"Mama, kwa nini hushoni?"

"Nakusikiliza."

"Tangu utotoni nimelala kwa sauti ya cherehani yako." Sauti ilikuwa nzito kwa usingizi. "Tangu baba afariki, ikinyamaza muda mrefu naamka. Nadhani umekufa."

Akairudisha barakoa, akageukia ukutani.

Miaka kumi na mmoja fundi alidhani yeye peke yake ndiye anayesikiliza kwenye nyumba ile. Aliuvuta ule mlango, akauacha wazi kidogo, akarudi kuketi. Macho yalikuwa yamejaa machozi, hakuweza kuona tundu la sindano ili atie uzi, wala hakutaka kupoteza muda kulitafuta. Alitia kitambaa chochote chini ya sindano na kuanza kukanyaga.

Alikanyaga bila kusimama mpaka saa nane mchana. Kijana alipoamka na kuja kumsalimia, alikuta kitambaa kimejaa vitobo vidogo, mstari baada ya mstari, bila uzi hata mmoja.