Kiapo Kwenye Chumba cha Cherehani

Uzi ulikatika tena, na safari hii Mama Pacha akajua kwamba kosa si la cherehani, ni la mikono yake. Lori la askari lilikuwa limeegeshwa langoni tangu asubuhi, na habari zilishazagaa kiwanda kizima: wanawasaka watu wa Bondeni.

Mshona vifungo, aliyekaa nyuma yake, alikuwa mtu wa Bondeni. Wote walimwita Mdogo Wetu. Kijiji chao kilichomwa moto na wanajeshi waliovaa sare za kaki, hizihizi zilizoshonwa humu. Hilo kila mtu alilijua, na kila mtu alilimeza kama mwiba wa samaki.

"Dada, nitaponea wapi?" alinong'ona. "Wakinisemesha tu, nimekwisha."

Kweli. Ulimi wa Bondeni hauiwezi r, hutoka l.

Fundi wa mitambo alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akijifanya anakaza mkanda. Jina lake la kiwandani lilikuwa Kichwa Ngumu.

"Tusimame naye," alisema kwa sauti ya chini.

"Usituletee siasa zako!" Mama Pacha alimkemea. "Si wewe unayesema bendera zote matambara tu? Na hawa wa Bondeni wanapigania bendera yao. Leo imekuwaje?"

"Wakiipata, watapata na matajiri wao na polisi wao, na mimi nitawaambia vilevile. Lakini mtu akikanyagwa, dada yangu, huanzi kumuuliza bendera. Unauondoa mguu ulio juu yake."

"Mguu wenyewe wa askari! Uondoe wewe. Mimi nina wanangu."

"Mimi hata hiyo bendela siitaki," alisema Mdogo Wetu. "Namtaka mama yangu."

Mlango ukafunguliwa. Ofisa aliingia na askari wake, na msimamizi wa kiwanda nyuma yao, akitabasamu kama mtu anayeumwa jino.

"Simameni! Mmoja mmoja aseme: Roho yangu ni ya taifa."

Safu ya kwanza ikaanza. Roho, roho, roho. Kila sauti ilikuwa karibu kuliko iliyotangulia. Mama Pacha alijiambia: sema upesi, yaishe, urudi kwa wanao. Ndipo akahisi vidole vinang'ang'ania sketi yake kwa nyuma, kama vya mtoto sokoni.

"Wewe!"

Alifumbua kinywa. Neno likamponyoka.

"Loho yangu ni ya taifa."

Ofisa akamsogelea.

"Rudia."

"Loho."

Kofi likamshukia, sikio likavuma. Kitu cha moto kikamtiririka miguuni, akajua amejikojolea.

"Huyu si wa Bondeni, mkuu," msimamizi alisema haraka. "Mzaliwa wa hapahapa."

"Loho yangu ni ya taifa," alisema Kichwa Ngumu, hata hajaulizwa.

Mdogo Wetu naye akasema. Akafuata mpiga pasi, kisha mkata vitambaa, mmoja baada ya mwingine, wengine wakilia. Wale waliokwisha kusema roho waliangalia sakafu.

Ofisa aliitazama safu, akautazama mlima wa sare zilizokuwa zikisubiriwa. Kuwapakia wote asingeweza. Akamnyooshea kidole Kichwa Ngumu.

"Mwalimu wao ndiye huyu."

Wakamburuta, kiatu chake kimoja kikabaki kizingitini. Lori likaondoka. Hakuna aliyelikimbilia.

"Haya, kazini!" msimamizi alipiga makofi. "Kazini!"

Mdogo Wetu alivuta kitambaa cha kaki kwenye rundo, akamfunga nacho Mama Pacha kiunoni, amsitiri.

"We! Hicho cha jeshi!" msimamizi alifoka.

Mdogo Wetu akakaza fundo. Mama Pacha alitamani kukaa. Akilini aliwaona wanawe wakimngoja mlangoni na jua linazama. Akageuza shingo polepole. Hakuna aliyekuwa amekaa. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili asianguke, akabaki amesimama.