Simika Imekataa

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki bafuni, povu la sabuni kichwani, mguu uliofanyiwa upasuaji ameunyoosha mbele kama mzigo wa mtu mwingine, simu ilipolia. Binti yake aliitupia jicho pale ilipokuwa, ukingoni mwa sinki. Hakuhitaji kusoma jina. Akafuta mkono kwenye gauni, akaipokea na kuibana kati ya sikio na bega.

"Dada, samahani sana, najua uko likizo," alisema Mrefu, mwenzake wa kazini. "Simika imekataa."

"Imekataa vipi?"

"Imekataa tu. Imetoa maandishi mekundu."

Kazini kwao walikuwa mafundi wa tovuti. Tovuti ya mteja haijengwi hadharani huku watu wakichungulia. Inajengwa kwanza ndani ya kompyuta ya fundi mwenyewe, kwenye jukwaa lile lile la kuchapishia kurasa litakalotumika baadaye, ili ukiharibu uharibu faraghani. Zamani kuandaa nakala moja ya namna hiyo kulimla mtu nusu siku: pakua hiki, unda hifadhidata, tunga neno la siri, hariri faili lile, kosea, anza upya. Binti akachoshwa. Akaandika programu ndogo isiyo na vitufe wala picha, akaiita Simika. Unafungua skrini nyeusi, unaandika "simika" na jina la tovuti, na kabla hujamaliza kupiga mwayo tovuti imesimama. Ukiwa huitaki tena, unaandika "ng'oa". Basi.

Aliiandika kwa ajili yake mwenyewe. Mrefu akaiomba, mwingine akaiomba, bosi akasema kuanzia leo kila mtu aitumie. Tangu hapo, ikipiga chafya anaitwa yeye. Na tuseme kweli, mwanzoni alipenda kuitwa. Kulikuwa na utamu fulani katika kusimama nyuma ya kiti cha mtu mzima na kumwambia, hebu sogea. Utamu ule uliisha lini, hakukumbuka. Siku hizi akisikia tu neno Simika, mabega yanampanda yenyewe.

"Mliweka toleo jipya la mfumo kwenye kompyuta?" aliuliza.

"Jana. Bosi alisema tuweke."

"Mama yangu wee. Haya. Ng'oa kwanza uliyoisimika nusu. Ng'oa, nafasi, jina lake. Umeandika?"

"Naandika."

"Mwanangu," mama alisema, macho ameyafumba, "na mimi nikimaliza kukauka na hili povu utaning'oa?"

"Dakika moja, mama."

"Dada, inaniuliza kama nina uhakika."

"Una uhakika?"

"Sijui. Nina uhakika?"

Povu lilikuwa limeanza kumwingia mama machoni. Binti alichota maji kwa mkono mmoja, akammwagia, mengine yakamrukia yeye mwenyewe shingoni mwa gauni na kumteremka hadi kiunoni. Akamwambia Mrefu atampigia. Mrefu akasema sawa dada, lakini mteja anakuja mchana, yule mama mwenye bustani ya maua, na ameahidiwa kuiona tovuti yake, na bosi ameanza kutembeatembea.

"Nitakupigia," alirudia.

Kumtoa mama bafuni ilikuwa kazi kama ya kutoa kabati kwenye nyumba ya milango myembamba. Huku ashike, kule ajiegemeze, hapa wapumzike. Kaka yake binti alikuwa ameahidi kuja kusaidia, na kila siku alituma ujumbe wa kuuliza mgonjwa anaendeleaje, wenye alama za maua. Mama alipokwisha kuvaa na kulala, binti alimpashia supu, akamletea, akavuta kiti karibu na kitanda. Akaweka kompyuta yake mapajani ili atazame shida ya Simika. Alitaka kujua tu imeshindwa wapi. Skrini nyeusi ikafunguka, kishale kikaanza kuwakawaka, naye akakitazama kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa chumba. Shingo ilimuuma. Kompyuta haikuwa mapajani. Ilikuwa kitandani, imefunikwa, na bakuli tupu la supu limewekwa juu yake. Mama alikuwa akimwangalia.

"Simu yangu iko wapi?"

"Chini ya mto wangu."

"Mama! Ilikuwa inalia?"

"Ililia. Nikapokea, nikamwambia umelala. Akasema nikuamshe mara moja tu. Nikamwambia simwamshi. Akapiga tena, nikailalia."

Aliichomoa simu ikiwa ya moto kama mkate. Simu za Mrefu zilikuwa zimejipanga kwenye skrini, kisha zikakatika ghafla. Mteja lazima alishafika. Akapiga, maneno ya kuomba radhi yakiwa tayari mdomoni.

"Dada! Umeamka? Pole na uchovu," Mrefu alisema, nyuma yake watu wakicheka. "Tumeshamaliza. Yule mama ameiona tovuti, amefurahi, ila anataka maua yawe makubwa zaidi."

"Mmefanyaje?"

"Nilikaa nikayasoma yale maandishi mekundu. Yalikuwa yanasema hifadhidata haiko mahali pale. Nikaitafuta ilipohamia, nikaingia ndani ya Simika nikabadilisha njia. Nimeiandika hovyohovyo, utanicheka. Lakini inasimika."

"Vizuri," alisema, akashangaa jinsi neno lilivyomtoka bila uzito wowote. "Vizuri sana, Mrefu. Hongera."

Akakata. Akakaa na ile simu mkononi. Alipaswa kufurahi, na pengine alikuwa amefurahi mahali fulani, lakini kilichomjia kilikuwa kitu kama kufika mlangoni ukiwa umebeba maji na kukuta pipa limejaa. Machozi yakamlengalenga, akajikasirikia kwa hayo pia.

"Wamefukuzwa kazi?" mama aliuliza.

"Hapana. Wametengeneza wenyewe."

"Ahaa." Mama alijisogeza, akakunja uso kwa maumivu. "Mimi nilipokuwa mpishi pale shuleni, nikaugua, nililia hospitalini. Nilijua wanafunzi watakufa njaa. Nikarudi, nikauliza, mlikula? Wakasema tulikula. Wali uliungua, lakini tulikula. Nilimnunia yule msaidizi wangu aliyepika mwezi mzima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walikula!"

Binti alicheka, na kicheko kikamshika vibaya, kikawa kilio kidogo, kisha kikawa kicheko tena. Mama alimwacha. Hakumbembeleza wala hakumgusa. Alisubiri tu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue avuke.

Baadaye, mama aliposinzia, binti aliifungua kompyuta, akavuta nakala mpya ya Simika kutoka mtandao wa kazini, akaangalia alichoandika Mrefu. Kweli ilikuwa hovyo. Njia ileile aliirudia mahali pengi badala ya kuiweka pamoja, na katikati aliacha maelezo yasemayo, "usiguse hapa, sijui kwa nini inafanya kazi". Vidole vilimwasha. Alianza kusahihisha mstari wa kwanza, akafika wa pili, akasimama. Akaurudisha kama ulivyokuwa. Kisha akamwandikia Mrefu kwamba kuanzia sasa Simika iko mikononi mwake, aipangue na kuipanga atakavyo, na likizo ikiisha watakaa wote amweleze vile visivyoeleweka. Alisita kabla ya kutuma. Akatuma.

Jibu lilikuja upesi: "Mimi?! Dada, una uhakika?"

Akamjibu kwamba anao, akaizima simu.

Uchovu haukumtoka. Ulikuwa palepale, mgongoni na magotini, na kesho kulikuwa na kuoga tena, na kidonda cha kubadilishiwa kitambaa, na shuka za kufua. Mama alipoamka alisema anataka kwenda hadi mlangoni, akaone nje kukoje. Binti akampitishia mikono chini ya makwapa, akamnyanyua. Wakaenda taratibu, mama akilalamika kila hatua, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwambia asubiri dakika moja.