Kipande cha Mwisho cha Gasketi

Mtu akiomba jambo akalipata, si anatakiwa afurahi? Basi Mama Cheche, mshonaji asiyeshindwa na kitambaa, alikuwa amemwomba Mungu pikipiki ya binti yake iharibike. Asubuhi akaamka, akaikuta imeharibika kwelikweli, na raha yote ikamtoka.

Ilikuwa siku ya mashindano. Cheche, mtoto wake wa pekee, alikuwa amesubiri miaka mitatu kupata nafasi kwenye ule uwanja wa vumbi. Saa sita mchana pikipiki zinakaguliwa: mkaguzi anatandika karatasi nyeupe chini ya injini inayonguruma, anatazama saa yake dakika tano. Likidondoka tone moja tu, la maji au la mafuta, geuza urudi kwenu. Na saa tatu asubuhi hiyo, chini ya mfuniko wa pampu ya maji, palikuwa na kidimbwi cha maji ya kijani ya kupoza injini ambamo bata angeweza kuoga.

Tena msiniulize baba yake Cheche anafanya kazi gani. Fundi pikipiki! Miaka ishirini pikipiki za watu zinatoka kwake kavu, ya mwanawe inachuruzika. Kinyozi hajinyoi, jamani. Alhamisi aliipaka gundi ikavuja. Ijumaa akakaza bolti mpaka mishipa ikamtoka, Jumamosi ikashinda kavu, Jumapili ikaamka inavuja zaidi. Sasa amekubali kwamba dawa ni gasketi mpya, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya mfuniko na injini. Lakini alizoea za dukani, zilizokatwa tayari, na Jumapili maduka ya vipuri yamefungwa. Amejaribu kukata mwenyewe mara mbili, mara mbili zimechanika.

"Imebaki hii," alisema, akainua kipande kilichopindapinda, kikubwa kidogo kuliko kiganja. "Nimekipima mara tatu. Hakitoshi ng'o."

Cheche alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, helmeti mapajani. Hakulia wala hakulaumu mtu. Afadhali angelia, maana kule kunyamaza kulimchoma mama yake kama sindano ya cherehani.

Mama Cheche alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Ombi lake limejibiwa, alitakiwa anyamaze tu. Akinyamaza, hakuna kona za hatari, hakuna kuruka vilima, mtoto analala kwake na mifupa yake yote. Lakini macho, jamani, macho! Miaka thelathini yalikuwa yakitoa sketi kwenye vitambaa visivyotosha leso. Yalikitazama kile kipande mara moja tu, yakaona. Na kazi ya mtu ikishamwingia mwilini haimwombi ruhusa.

"Unakipima kimenyooka," ulimi ukamtangulia. "Kilaze mshazari."

"Nini?"

"Mshazari, Baba Cheche! Kama kitambaa cha mteja bahili."

"Mke wangu, hii ni injini, si gauni."

"Na umeikata kama injini, imechanika mara mbili. Nipishe."

Akapisha, atafanyaje? Mama Cheche akabandika gazeti kwenye mdomo wa mfuniko, akalisugua kwa kidole chenye grisi mpaka umbo lote likajichora, matundu na yote. Akalikata, akaliweka juu ya kile kipande. Likazidi huku. Akalizungusha, likazidi kule. Akalizungusha tena kidogo, kidogo hivi, na weee! Likaingia, pembeni pakabaki nafasi ya ukucha.

Cheche aliruka, ndoo ikabiringika mpaka ukutani.

Fundi akadaka mkasi. Mkewe akamchapa mkono. "Matundu kwanza! Ukishapunguza ukingo ndipo utoboe, lazima ichanike. Kaniletee kile chuma changu cha kutobolea mikanda."

Akatoboa, akakata taratibu. Ikatoka nzima! Fundi akakwangua gundi yote ya Alhamisi, akapachika gasketi, akarudisha mfuniko.

"Usikaze upande mmoja," mkewe akamwambia. "Ya huku kidogo, ya kule kidogo, kama pini."

"Hilo nalijua!"

"Ijumaa ulilisahau."

Cheche akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wakajaza maji, wakaiwasha, wakalala kifudifudi watu wazima watatu wakitazama chini ya injini. Pakavu. Lakini mkaguzi ndiye mwenye neno, na saa haikuwangoja.

Uwanjani mkaguzi akatandika karatasi yake. Dakika ya kwanza, ya pili. Mama Cheche alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kutokea, hana habari. Moyo ulimdunda kuliko ile injini. Dakika ya nne akagundua kwamba midomo yake inacheza, anaomba: Ee Mungu, lile la jana lifute, sikuwa na akili timamu.

Mkaguzi akaokota karatasi, akaigeuza juani. "Kavu. Pita!"

Fundi akapiga vigelegele, mwanamume mzima, watu wakageuka. Mama Cheche hakuweza. Alimvuta binti yake kando.

"Mwanangu, nikwambie. Jana niliomba..."

"Pikipiki iharibike," Cheche akamalizia. "Nilikusikia. Ukuta wetu ni mbao, Mama, na wewe Mungu unamfokea kama mteja asiyekuja kuchukua nguo zake."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nilijua unaniogopea. Lakini asubuhi ulipotokea pale mlangoni, na mimi niliomba."

"Uliomba nini?"

"Ukione kile kipande. Nilijua ukikiona tu, hutaweza kukiacha."

Mama Cheche akamvalisha helmeti. Akamfunga binti yake mkanda wa helmeti, akauvuta mara mbili anavyovuta mshono kuhakikisha haufumuki. "Haya nenda," akasema, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Na ukiwa wa mwisho, gauni lako la sikukuu nalikata mapazia."

Alikuwa ameapa kwamba bendera ikishuka atafumba macho. Bendera ikashuka. Akapanda juu ya kreti ya soda, akayakodoa yote mawili.