Vidole Vinne Zaidi

Parsaoti alipojizungusha hewani, mgongo wake ulinielekea kwa muda wa kufumba na kufumbua, nami nikautumia muda huo kuipandisha patapata, ile ndala ya mpira niliyomshikia alenge. Teke likapita chini yake. Akaanguka kwenye godoro kwa kishindo.

"Nimeikosa aje tena, Mbuvi?"

"Uko na haraka," nilimjibu kwa upole wa padri. "Kichwa kitangulie, kiuno kifuate, mguu uje mwisho."

Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Naomba hilo liandikwe mahali: sikuwahi kumfundisha vibaya. Ni mkono wangu tu uliokuwa na tabia mbaya.

Mwaka huo wa 2003, shule yetu ya bweni pale Kajiado ingepeleka mrukaji mmoja tu wa teke la hewani kwenye mashindano ya taekwondo Kitengela. Nilikuwa nimefanya mazoezi miaka miwili, nimechubuka magoti yote mawili, na tayari nimemwandikia mama aje kunishangilia. Kisha akaja Parsaoti, mwanafunzi mgeni, akaruka siku ya kwanza kana kwamba ardhi imemkataa. Wivu haukunibishia hodi. Uliingia na sanduku lake, ukachagua kitanda cha chini.

Basi kila jioni nilijitolea kumshikia. Nilianza kwa kuipandisha patapata upana wa kidole kimoja. Kila alipokaribia kuigusa, niliongeza kingine, hadi vikawa vinne. Alikosa, akashukuru, akarudia.

Siku ya mchujo, Mwalimu Masila aliishika patapata mwenyewe, sawa na paji la uso wake. Kila mmoja alipewa miruko mitatu. Mimi niliipiga katika ule wa mwisho. Parsaoti akaruka; mguu ukapita juu, vidole vinne kamili. Akaruka tena; vidole vinne.

"Unawinda ndege, Parsaoti?" Mwalimu akauliza. Wote wakaangua kicheko, isipokuwa mimi niliyejua hesabu hiyo.

"Mwalimu, naomba Mbuvi anishikie. Yeye ndiye anajua kushika."

Nikaishika. Macho thelathini yalikuwa kwenye mkono wangu. Nikiutuliza, Kitengela ni yangu. Nikiupandisha, kila mtu ataona ulivyozoea kupanda. Parsaoti akanitazama, akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwao, akakimbia, akajizungusha. Hata wakati huo nilitamani mguu ule uwe wangu.

Mkono ukapanda.

Teke likaipata patapata, ikanichomoka, ikaangukia kwenye ua wa michongoma.

"Mbona umeipandisha?"

"Ndivyo ninavyoishika, mwalimu. Kila siku."

Mwalimu alinikazia macho, kisha akaandika jina la Parsaoti, maana hapakuwa na mwingine aliyewahi kufika kimo kile. Parsaoti aliifuata patapata, akaipangusa kwenye suruali, akaja kusimama pale nilipokuwa nimesimama.

"Haya, ruka wewe," akasema. "Nikushikie."

Nikarudi nyuma hatua tano, nikamtazama. Uso wake ulikuwa mtulivu mno; sikujua mkono wake ungetulia au ungepanda.

Nikakimbia.