Kifaranga wa Kumi na Moja

Kidole gumba cha Kanze kilikuwa kimelala juu ya shingo ya kifaranga, na shingo yenyewe haikuwa nene kuliko bua la mchicha. Kubonyeza kidogo tu. Shimo la taka lilikuwa nyuma ya jiko, na shemeji yake Ngowa, aliyeahidi kuja kukagua asubuhi hiyo, alikuwa hajafika.

Kifaranga alikuwa na wiki tano, mgongo mtupu kama kiganja. Wenzake kumi walikuwa tengani wakidonoa chenga za mahindi, wote na manyoya yao.

"Bwana Yesu, nionyeshe," alinong'ona. Tangu yale ya mwezi wa tatu, alikuwa akiomba kwa sauti ya chini.

Mwezi wa tatu alimweka jogoo wake kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja kuelekea kichwani, pamoja na tetea kidimu, akidhani uzuri ukikutana na uzuri utazidi. Mayai yalipoatamiwa, aliyapaka mafuta ya upako mbele ya majirani, akayaombea. Wakaanguliwa kumi na wawili. Watatu wakabaki uchi. Kijiji kizima cha Ganda kikasema maombi yale hayakuwa ya kanisani. Easter, mke wa Ngowa, aliwachoma wale watatu kwa makuti makavu. Na Ngowa, mkubwa wa mji wa ukoo wao tangu mume wa Kanze afariki, akatoa neno: akitokea wa uchi tena, kuku wote watachinjwa, na Kanze atapelekwa kwa wazee ale kiapo kwamba si mchawi.

"Hodi!"

Kanze alimfutika kifaranga ndani ya leso, kiunoni.

"Karibu, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba."

Easter alikuja nyuma yake. "Mafuta yaliisha, mama mchungaji? Ama safari hii umewapaka samli?"

"Nyamaza, Easter." Ngowa alichuchumaa, akawatoa vifaranga mmoja mmoja, akiwapuliza manyoya. Kidimu. Laini. Laini. Kidimu. Ndani ya leso, moyo mdogo ulipiga mbio kuliko wa Kanze mwenyewe.

Sita vidimu, wanne laini.

"Nilikwambia itakuwa karibu nusu kwa nusu," Kanze alisema. "Safari hii jogoo nilimweka na matetea ya manyoya laini, kama alivyonifundisha mwalimu Hesbon kule darasa la ngumbaru."

"Basi yamekwisha." Ngowa alisimama, akapangusa mikono. "Hakuna kiapo."

Easter alifyonya. Wakaondoka, wakafika mlango wa ua. Angeweza kuwaacha waende. Lakini tetea kidimu alikuwa bado anataga, na siku moja mwingine wa uchi angezaliwa, na siku hiyo Kanze angekuwa na uongo pia wa kujibu.

"Shemeji, ngoja."

Alimtoa kifaranga.

"Si nilisema!" Easter alirudi nyuma hatua tatu. "Si nilisema mimi!"

"Ni wa kumi na moja," Kanze alisema. "Siku upepo ulipong'oa makuti ya banda, nilimkuta tetea kidimu ndani na jogoo. Yai lake likaingia na mengine, nisijue ni lipi." Alipiga magoti, akachora mraba mavumbini kwa kijiti, akaugawa vyumba vinne. "Baba akiwa kidimu ana mafungu mawili, la mkunjo na la laini. Mama vile vile. Mtoto hupewa moja huku, moja huku. Akipata mkunjo mmoja, ni kidimu. Akipata miwili, manyoya hukatika, yakadondoka. Si laana, shemeji. Ni mimi niliyewaweka pamoja mara ya kwanza."

"Na yale maombi?"

"Nilimwomba Mungu kitu nisichokielewa."

"Mchome, baba Thuku!" Easter alimwambia mumewe. "Wangoja nini?"

Ngowa alinyoosha mkono. Kanze akampa kifaranga. Shemeji yake akachuchumaa, akautazama mraba.

"Huyu anakaa chumba kipi?"

Kijiti kikaelekea chumba cha mwisho. Ngowa aliviangalia na vile vitatu vingine, midomo ikihesabu. Vidole vyake vilikuwa vimejifunga juu ya ule mgongo mtupu, na Kanze hakuweza kujua kama vinabana au vinaupa joto. Kisha mdomo mdogo wa njano ukachomoza kati ya vidole viwili, ukafunguka, ukajifunga.