Tangazo la Kifo cha Muamba

Mwaka ule Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, ilikuwa haiamini tena kitu. Gazeti la mji mkuu likisema hivi, redio ya mji inasema vile, na kila nyumba ilishajichagulia uongo wake. Familia za asili ya Kasai zilisikiliza vituo vya mbali, mlango umefungwa, redio imebanwa sikioni. Wenyeji wa Katanga walisikiliza redio ya mji mlango wazi, sauti juu, ili jirani naye apate lake. Watu walioazimana chumvi tangu utotoni sasa walisalimiana kwa macho, na wengine hata macho waliyanyima.

Lakini saa sita mchana wote walifungua kituo kimoja. Hiyo ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, na msomaji wake alikuwa Mado Numbi. Mado alikuwa na sauti ya chini, isiyo na haraka. Akisema fulani amefariki, mwenye sufuria jikoni aliipua kwanza, akasikiliza jina la ukoo, kijiji cha asili na mahali pa matanga. Hakuna aliyewahi kumwuliza ana uhakika gani. Mtu anaweza kudanganya habari za waziri. Habari za maiti, nani atadanganya, na kwa faida gani?

Ndiyo maana siku Mado alipotangaza kifo cha mumewe mwenyewe, mji mzima ulimwamini. Na mume huyo, Muamba, alikuwa hai juu ya dari ya nyumba yao, amelala kifudifudi kwenye mbao, bati la moto likimkausha mgongo.

Muamba alikuwa fundi wa umeme mgodini. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi na Kasai hajawahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Jambo hilo halikumsaidia. Jioni redio ileile ilikuwa na kipindi kingine, ambamo mtu mwenye sauti ya kupasuka alisoma majina ya “wanaokataa kurudi kwao”. Jioni moja alisoma jina la Muamba, akaongeza kwamba ndiye anayekata umeme wa wenyeji kwa makusudi. Umeme ulikuwa unakatika kwa sababu mitambo ilikuwa imechakaa, kila mtu alijua, lakini sasa ukikatika ulikuwa na jina.

Tangu jioni hiyo Muamba hakuweza kufika stesheni. Mama yake mzazi, Mama Kanku, alikuwa ameshatangulia huko na majirani, wanalala chini ya maturubai wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Njia ya stesheni ilikuwa na kizuizi cha vijana wenyeji, na mkubwa wa vijana hao alikuwa Kabamba, mdogo wake Mado, tumbo moja. Mado alimbeba mgongoni mtoto huyo. Muamba alimlipia shule. Unaweza kufikiri mambo kama hayo yana uzito, na kwa kweli yana uzito, ila si mwaka ule.

Mkurugenzi wa redio, Tata Omer, alikuwa amemwomba Mado zaidi ya mara moja asome pia matangazo ya jioni. Wale wa jioni walikuwa na neno lao kwa watu wa Kasai: bilulu, yaani wadudu.

“Mi nasomaka bafu tu, tata,” Mado alijibu kila mara, akimaanisha wafu. “Bazima mupatie bengine.”

Omer alimwacha, maana bila sauti ya saa sita redio yake ilikuwa kelele tupu.

Wazo la tangazo lilikuwa la Mado. Vijana wakiamini Muamba amekufa, hawatamtafuta. Kizuizi kikilegea, atatoka ndani ya lori la mkaa mpaka Lubudi, apande treni huko. Aliandika maneno machache: Muamba amefia Lubudi kwa homa, akazikwa hukohuko. Basi. Hakuandika matanga yako wapi, kwa sababu hakutaka mtu yeyote mlangoni.

Akaketi mbele ya maikrofoni, akasoma. Alipofika mwisho wa alichoandika, mdomo haukusimama. Miaka yote ile ulikuwa umezoea njia moja, na njia hiyo haiishii kaburini. Alijisikia mwenyewe akisema, kwa sauti ileile tulivu, kwamba matanga yanafanyika nyumbani kwa marehemu, akataja barabara na namba, na kwamba ndugu, jamaa na marafiki wote waliopo Kolwezi, Tenke na Lubudi wapokee tangazo hili kama mwaliko.

Mkono wake ulizima maikrofoni. Alitaka kuyameza yale maneno, lakini yalikuwa yameshafika jikoni kwa watu.

Alipofika nyumbani, wanawake wawili walikuwa wameshaketi uani wamevua viatu. Baadaye walikuja wenye kuni, wenye unga, na wanakwaya wa parokia. Walikuja hata majirani waliokuwa wamemnyima Muamba salamu, kwa kuwa mtu hanyimwi matanga. Jua lilipoanza kushuka akaja Kabamba na vijana wake wa kizuizini. Mado aliitazama mikono yao, akitafuta mapanga. Lakini vijana walikuwa wamebeba turubai na viti, wakaanza kufunga kamba kwenye nguzo za nyumba, kwa sababu shemeji amekufa na kazi ya uani ni ya mashemeji.

“Yaya,” Kabamba alimwita dada yake, akamshika mikono. “Njo Mungu alitaka. Tuko pamoja.”

Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomtisha Mado kuliko mapanga. Kijana huyu angemkamata Muamba jana akiwa hai, na leo alimlilia akiwa maiti, na hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Matanga huko hayaishi kwa siku moja. Waombolezaji hulala palepale, chini, uani na sebuleni. Kwa hiyo Muamba, aliyefichwa mpaka njia ifunguke, alijikuta amezingirwa na walewale aliowakimbia, nao wanamwimbia. Hakuweza kukohoa. Hakuweza kugeuka, maana ubao mmoja ulikuwa unalia. Mado alimpandishia maji kwa chupa, wimbo ukipamba moto, akisimama juu ya kitanda. Alifunga mlango wa chumba kwa kisingizio cha mjane anayetaka kuomba peke yake. Kila aliporudi uani aliwapokea wageni wapya, akalia, na hakuhitaji kuigiza.

Siku iliyofuata, asubuhi, Mama Kanku akaingia.

Alikuwa ametembea kutoka stesheni, kitambaa kimemtoka kichwani, vumbi jekundu limempanda mpaka kiunoni. Redio ya mtu chini ya turubai ndiyo iliyotoa habari, zikamfikia yeye alfajiri. Pale kizuizini vijana walimpisha, hata mmoja alimbebea mfuko, kwani mama anakwenda kumlilia mwanawe. Treni ilikuwa imeshafika na watu walikuwa wanapakiwa. Akaiacha. Aliingia uani, akajitupa chini, akaviringika akiliita jina la mwanawe na majina ya baba zake wote, na juu ya dari ubao ukalia mara moja, kidogo.

Mado hakuweza kuvumilia. Mwanamke yeyote mwenye moyo asingeweza. Alimwinua mama mkwe wake, akasema anakwenda kumbadilisha nguo, akamwingiza chumbani na kukaza mlango.

“Mama, usilie. Muamba iko muzima. Iko pale juu.”

Mama Kanku alimtazama kana kwamba mkwewe amepata wazimu. Kisha ubao ukasogea, akaona vidole vya mwanawe. Aliziba mdomo kwa mikono miwili.

“Sasa tutoke,” Mado alinong’ona. “Ulie tu vile ulikuwa unalia. Beko banatuangalia.”

“Hapana.”

“Mama, nakuomba.”

“Mwana wanyi, mwanangu,” Mama Kanku alisema, polepole. “Mi siwezi kulilia mutoto mwenye kupumua. Kwetu, mama akifanya vile, njo anaita lufu, kifo, ikuye. Weye ulishaka kuiita ku redio. Mi sitaiita mara ya pili.”

Mado alimsihi, akamshika miguu. Haikufaa kitu. Mama Kanku alijifunga kitambaa vizuri, akatoka, akaketi mkekani katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha, uso mkavu. Walipoanzisha wimbo, hakuitikia. Walipomkumbatia wakilia, aliwapiga mgongoni taratibu, yeye akiwafariji wao. Mwanzoni walisema ni mshtuko. Baadaye walianza kutazamana. Mama mwenye mtoto mmoja tu, aliyeingia anaviringika chini, akapita chumbani kidogo na kutoka hana chozi.

Kabamba alikuwa anapasua kuni. Akamtazama yule mama kwa muda mrefu, akalitua shoka. Alimfuata dada yake jikoni.

“Yaya, mule mu chumba muko nini?”

“Muko bitu ya marehemu.”

“Tuingie tuone.”

Waliingia wawili. Kabamba alitazama kitanda, akaona mashuka yenye alama za nyayo. Akainua macho kwenye dari. Mado aliacha kupumua. Ndani ya ukimya huo walisikia wazi kwamba juu yao kuna mtu mwingine aliyeacha kupumua pia.

“Kabamba. Alikusomesha.”

“Najua.”

“Ukibaita, mi nitakufa naye.”

“Sitabaita,” Kabamba alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, na kwa kitambo alifanana na mtoto aliyebebwa mgongoni. Kisha akakaa kitandani. “Yaya, ule musomaji wa magaribi, bantu habamuaminie. Banacheka. Weye, unasema tu neno moja, tazama bantu bote bale inje. Kesho saa sita, kisha ya bafu, utasoma karatasi yetu. Na ile sauti yako ya bafu.”

“Na neno ile ya bilulu?”

“Na neno ile.”

“Na kesho kutwa?”

Kabamba alijikuna shingo. “Kesho kutwa iko ingine karatasi,” alisema, akatoka kwenda kumalizia kuni.

Kesho yake Mado alisoma. Alisoma marehemu wawili, mahali pa matanga yao, kisha bila kubadilisha sauti akasoma kwamba bilulu waliobaki mjini wamejificha miongoni mwa walimu na mafundi, wamehifadhiwa na wake zao, na kwamba kila mwenyeji anajua jirani yake. Tata Omer alimtazama kupitia kioo, akageuza uso. Mado hakuwa ametoka bado mlangoni mwa redio aliposikia mawe yakigonga bati la nyumba moja upande wa shule. Nyumba ile ilikuwa ya Mwalimu Tshimanga, ambaye kila mtu alimjua, na ambaye jioni zote zile mwenye sauti ya kupasuka alimtaja bila mtu kunyanyuka.

Alirudi nyumbani akipita katikati ya waombolezaji. Redio ya jirani ilikuwa bado inaimba. Mama Kanku alikuwa palepale mkekani. Alimtazama mkwewe, akasogeza miguu ampishe.

Chumbani Mado alipanda juu ya kitanda na sahani ya bukari, ugali wa matanga. Aligonga dari kwa kidole. Ubao ukasogea, na uso wa Muamba ukaonekana, ndevu zimejaa vumbi.

“Ulisoma weye?” aliuliza.

“Ni miye.”

“Nilisikia. Nilikujua ku sauti.”

Mado alimwinulia chakula. Muamba hakuipokea sahani. Alimtazama mkewe kidogo, akavuta ubao, akaurudisha mahali pake.