Shangazi Asikiliza Gari

Fundi viatu alikuwa amechoshwa na gari lake. Kila akipita kwenye tuta, kitu fulani humo ndani kililia kwi-kwi-kwi, na kila aliposimama ili akisake, kilitulia kama maji mtungini.

Shangazi yake, mkunga mstaafu asiyeshindwa na jambo, alichukua kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo. "Wewe endesha, mwanangu. Mgonjwa atasema mwenyewe."

Akajilaza kiti cha nyuma, akakigandamiza kifaa mlangoni, kisha juu ya paa, kisha chini ya dirisha. Walipopita tuta la sokoni, akamkamata mwizi: chuma cha mkanda wa abiria, kilichokuwa kikijikwaruza kwenye plastiki. Akakizungushia plasta ya vidonda. Tuta lililofuata walilipita kimya, fundi akacheka peke yake kwa raha.

Mbele wakakuta foleni ndefu. Askari wa barabarani alichungulia dirishani, akamwona bibi kalala chali, kifaa kifuani.

"Huyu mama anaumwa?" aliuliza.

Fundi alifungua kinywa aseme kweli, lakini shangazi alimtangulia kwa mguno mrefu wa mtu anayeaga dunia. Askari akapuliza filimbi. Magari yakasogea pembeni, moja baada ya jingine, yakawapisha.

"Shangazi, huoni aibu?" fundi alinong'ona, jasho likimtiririka.

"Nitaiona tukifika nyumbani," alijibu bila kufumbua macho. "Kanyaga mafuta."